Jeneza Lisilo na Breki

"Futa hiyo sehemu," shangazi alisema kwa mara ya tatu. "Marehemu hasemwi."

"Simsemi, shangazi. Kaandika mwenyewe. Mwandiko wake huu, na sahihi yake hii."

"Basi chana."

"Nichane, halafu nisimame kanisani nisome kwamba miaka thelathini na mmoja barabarani hajawahi kupata ajali?"

"Kwani aliwahi? Aliyekufa ni mwenzake. Baba yako siku hiyo alikuwa kanisani, tena benchi la mbele!"

"Ndiyo maana," binti alisema.

Jeneza likaanza kuondoka. Lilikuwa juu ya meza ya chakula, na meza haikuwa na magurudumu, na sakafu ya sebule ilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo tangu asubuhi lilikuwa likiondoka kila baada ya robo saa, polepole, kuelekea mlangoni. Shangazi alinyanyua jiwe bila kukatisha maneno, akalisukumia kwenye mguu wa meza kama madereva wanavyozuia tairi mlimani. Meza ikasimama.

"Nimekulea mimi," alisema, akijifuta mikono. "Usinivue nguo mbele za watu."

Binti alikuwa mkunga, mtu asiye na muda wa mizunguko. Alikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya daftari lenye wasifu wa marehemu, akaenda kuvaa viatu.

Barabarani baba yake alijulikana kwa jina la Taratibu. Kabla ya kila safari alizunguka lori lake mara mbili, akigonga kila tairi kwa kipande cha nondo huku akisikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Jumapili hakuendesha. Mzigo ungeoza, tajiri wake, mwenye lori, angefoka, yeye angekuwa kanisani amenyoosha shati, anaimba nje ya sauti. Baada ya kustaafu hakukosa ibada hata moja, na kila ibada ilipokwisha alimfuata mama mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, akasimama mbele yake.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Nimeamka salama."

Hapo alisimama kidogo, akiizungusha kofia mikononi, kisha akaenda zake. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Mama huyo alikuwa mjane wa Mluzi, dereva aliyepokezana lori na Taratibu. Lori lilimshinda Mluzi kwenye mteremko, likaingia korongoni. Taarifa iliandikwa kwamba alikuwa amelewa. Mluzi, ambaye hata soda ilimpalia.

Jeneza lilipelekwa kanisani juu ya meza ile ile, na huko mawe yalikuwa yameshaandaliwa. Mhudumu wa mlangoni aliwapanga waombolezaji na kuwaonya wachunge vidole vya miguu. Hata hivyo, mchungaji alipoanza sala, jeneza lilipanda juu ya jiwe la kwanza, likalisukuma la pili, likapita mbele ya madhabahu hadi kwenye kwaya. Likasimama sentimita chache kutoka kwa yule mjane. Vijana wanne walilirudisha. Likaja tena. Mara ya tatu mjane alisogeza mkoba wake tu, usikanyagwe.

"Mwacheni," alisema. "Hata alipokuwa hai alikuwa anafika hapa hapa, halafu anarudi."

Binti alikuwa ameshasimama kusoma. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, shule, leseni, ndoa, watoto. Akafika kwenye mstari wa ajali. Shangazi, benchi la pili, alitikisa kichwa kumwonya. Binti alitazama jeneza lilipoegeshwa, akafungua ile karatasi. Ilikuwa nakala ya fomu ya ukaguzi wa gari, ya wino wa kaboni, aliyoikuta ndani ya Biblia.

"Matairi, sawa," alisoma. "Taa, sawa. Breki, sawa. Sahihi ya baba." Akaigeuza. "Nyuma ameandika kwa penseli. 'Breki hazishiki. Nimemwambia tajiri leo Jumamosi. Kasema weka sahihi, mzigo uondoke. Nimeweka. Kesho ni Jumapili, siendeshi. Anakwenda Mluzi.'"

Tajiri, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa ameketi kando ya mchungaji. Aliinuka na kufunga kitufe cha koti.

"Tunamshukuru binti kwa wasifu mzuri," alisema. "Marehemu alikuwa mkweli. Kuhusu usafiri wa kwenda makaburini, nimeleta lori. Wazee na kwaya watangulie kupanda."

"Amina," watu wakaitika.

Binti alimpelekea mjane karatasi. Mjane alivaa miwani, akasoma upande wa mbele, akasoma wa nyuma, akarudia wa mbele.

"Niipeleke wapi hii, mwanangu? Faili lilishafungwa."

"Sijui, mama. Ni yako."

Aliitia ndani ya mkoba. Jeneza lilijongea, meza ikamgusa magoti. Kijana mmoja akaja na jiwe.

"Weka chini hilo jiwe," mjane alisema. Akaweka viganja vyake viwili juu ya mbao, akaegemea kwa uzito wake wote. Jeneza likatulia. "Sijamsamehe. Nimemshika tu, asije akaua mtu mwingine."

Vijana walipoitoa meza nje, mjane akiwa bado ameshika jeneza, lori la tajiri lilikuwa limeegeshwa kwenye kichwa cha mteremko. Lilikuwa na mawe kwenye matairi yote ya nyuma. Dereva wake, kijana mwenye ndevu chache, alikuwa ameegemea boneti akijaza fomu ya ukaguzi haraka haraka bila kuinua macho. Wanakwaya walikuwa wameshaanza kupanda, wakivutana mikono na kuchekana viatu. Shangazi alikuwa ameshakaa mbele, kando ya kiti cha dereva, mkoba mapajani.

"Panda, nimekushikia nafasi!" alimwita binti. "Jua kali hili!"

Binti alitazama mawe, akatazama kalamu ya dereva.

"Shuka, shangazi."

"Nishuke niende na nini?"

"Tunatembea."

Hakungoja jibu. Alivua viatu vya kisigino, akashika kona moja ya meza, mjane akashika ya pili, wakaanza kushuka kinyumenyume, migongo bondeni, nyuso kwenye jeneza, wakilizuia hatua kwa hatua. Kule juu, mtu aliondoa mawe kwenye matairi ya lori.