Kinyozi na Skuta ya Mkewe

Skuta ya mkunga ilikuwa na tabia ya kufa pale ilipotakiwa kutulia. Ukiikaza ilikwenda vizuri tu, mlio wake mwembamba ukasikika mtaa mzima. Lakini ukipunguza mwendo kwenye kona, au ukisimama kumpisha mtu, ilikohoa, ikatetemeka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, ikazima. Mkunga alishazoea kushuka, kupiga kiki na kupanda tena, mkoba wa kazi ukimgonga mgongoni. Wajawazito wake wodini walikuwa wakisema kwamba hana haja ya kubisha hodi. Skuta ikizima tu nje, wanajua kafika.

"Kesho naipeleka kwa fundi wa pale kona," alimwambia mumewe wakati wa chakula.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno machache na mikono safi kupita kiasi. Alitafuna, akameza, akasema, "Ya nini fundi? Nitaifanya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe mimi."

Mkunga aliweka kijiko chini. "Bwana wewe, skuta haina nywele."

"Mashine zangu za kunyolea nani anazifungua?"

"Mashine yako ikikufia mkononi, mteja anaondoka na upara nusu. Mimi ikinifia njiani naondoka na nini?"

Alisema kwa mzaha, lakini kinyozi hakucheka. Aliinuka akaenda kunawa, na mkewe akadhani amemuudhi.

Jumatatu, siku ambayo hafungui duka, kinyozi alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni na kupanga vifaa vyake: bisibisi, spana alizoazima kwa jirani, bakuli la plastiki na brashi ya kupangusia shingo za wateja. Mkunga naye alikuwa mapumzikoni. Alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa pua.

"Harufu gani hiyo?"

"Petroli kidogo."

"Petroli na jiko langu hawajatambulishwa, na leo si siku yake. Toka."

Meza ikahamia barazani. Kinyozi alifunga bomba la mafuta, akalegeza skrubu na kuitoa kabureta kwa uangalifu, kama mtu anayemvua mtoto viatu asimwamshe. Kitako chake kilikuwa na utando wa kahawia, mabaki ya petroli iliyokaa ikaganda. Alitoa boya, akatoa vipande vidogo vya shaba vyenye matundu, akavipanga juu ya gazeti kwa mpangilio aliovitoa. Kimoja alikielekeza juani akakichungulia kwa jicho moja. Hakuona mwanga.

"Huyu ndiye mchawi," alisema. "Mafuta ya kutulia yanapita hapa, na hapa pamezibwa."

"Mchomee ndani waya."

"Waya utapanua tundu." Aling'oa unywele mmoja mgumu kwenye brashi yake ya shingo, akauchovya kwenye petroli, akaanza kuupitisha taratibu.

Mkunga alivuta kigoda akakaa kumtazama. "Nilidhani natania. Kumbe kweli unainyoa."

Hapo ndipo simu yake ilipoita. Alisikiliza, akauliza maswali mafupi, akasimama. "Yule binti wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Chupa imepasuka, na uchungu unakuja mfululizo. Hafiki zahanati huyu." Akaitazama skuta, ikiwa imefunguliwa ubavu, matumbo yake yako mezani. Kisha akamtazama mumewe.

Kinyozi alishaanza kusukuma baiskeli yake uani.

Njia ya kiwanda cha matofali ilikuwa ya kupanda. Mkunga alikaa kwenye kiti cha nyuma, mkoba mapajani, mkono mmoja umeshika mkanda wa mumewe. Kinyozi alikanyaga pedali kwa nguvu zote alizonazo, kisha akaanza kukanyaga kwa nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Huyu naye anakohoa," mkunga alisema nyuma yake. "Akipunguza mwendo tu, atazima."

"Nyamaza, mama. Unaongeza uzito."

Walifika. Mkunga aliruka kabla baiskeli haijasimama, akapotelea ndani. Kinyozi aliegemea ukuta chini ya dirisha, jasho likimtiririka. Mume wa yule binti, kijana mfyatua matofali, alikuwa akizunguka uani akiokota vitu na kuviweka pale pale alipoviokota.

"Mbona leo baiskeli, mzee?" kijana aliuliza, ili tu aseme kitu. "Skuta imeharibika?"

"Naifungua mwenyewe."

"Kwa nini usimpe fundi?"

Kinyozi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Labda ni uchovu uliomlegeza ulimi. "Juzi nilikuwa dukani, kichwa cha mtu kiko mikononi mwangu, nikamwona mke wangu anapita. Skuta ikamzimia katikati ya njia panda. Lori la mchanga lilikuwa nyuma yake. Lilifunga breki nikasikia matairi yanalia. Yeye akapiga kiki akaondoka zake. Mimi nilishindwa kummalizia yule mteja." Akapangusa tandiko la baiskeli kwa kiganja. "Tangu siku ile nataka kila skrubu ya kile kitu niwe nimeishika mimi. Fundi ataifanya vizuri, najua. Lakini nisingelala."

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, mkunga alikuwa akimwambia binti avute pumzi, na yeye mwenyewe akasahau kuvuta yake kwa muda. Kisha kazi ikamwita. Haikuchukua muda, mtoto wa kike akatoka akilia kwa hasira, na kijana nje akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

Wakati wa kurudi walishuka kwa miguu, kinyozi akisukuma baiskeli.

"Kumbe uliliona lile lori," mkunga alisema.

"Ulinisikia?"

"Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chako, bwana. Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Alifikiri. "Ningekucheka, ndiyo." Wakatembea hatua kadhaa. "Hata mimi siku ile niliogopa. Nilipiga kiki haraka ili nisionekane." Halafu akaongeza, "Na yule mteja uliyemwacha, bado anatembea na upara nusu?"

"Nilimmalizia kesho yake."

"Masikini."

Barazani, kinyozi alirudisha kila kitu mahali pake. Aliosha sifongo ya chujio la hewa kwa maji ya sabuni, akaikausha na kuipaka mafuta kidogo. Akasugua plagi hadi weusi ukaisha. Akafungua bomba, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena, shati likamganda mgongoni. Haikukohoa hata kidogo.

Mkunga alitoka jikoni akipekua kila kona kwa macho. "Fundi, samahani kukusumbua. Umeona kitambaa changu cha kufutia vyombo? Kile cha maua."

Kinyozi aliganda, mguu ukiwa bado juu ya kiki. Polepole akaushusha. Alipoitoa kabureta asubuhi, aliogopa vumbi lisiingie kwenye injini, akachukua kitambaa kilicho karibu akaziba tundu. Kisha simu ikaita.

Sasa alichukua spana akaanza kufungua upya. Mkunga alimwona anaingiza vidole nyuma ya kabureta na kuvuta, maua ya njano yakatoka moja baada ya jingine, na hapo akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi nimezalisha wengi," alisema alipoweza kusema, "lakini huyu ni wa kwanza kutoka amevaa."

Kinyozi alijaribu kukaza uso. Midomo ikamsaliti, akacheka naye.

Safari hii iliwaka mara moja. Waliiacha ipate joto. Kinyozi akashika bisibisi, akaanza kuzungusha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, kidogo ndani, kidogo nje, akisikiliza. Mlio ulidhoofika, ukapanda, ukanyooka.

"Hapo," alisema.

"Bado. Rudisha kidogo."

"Umejuaje?"

"Wewe unaijua ikiwa imelala mezani. Mimi naijua ikiwa njiani. Rudisha."

Akarudisha, unene wa ukucha. Injini ikatulia, mlio mmoja, mpole, usiokatika. Akapunguza skrubu ya mwendo, ikashuka na haikuzima. Walisimama pande zote mbili za skuta wakiitazama, kila mmoja akisubiri ife. Haikufa.

Kesho yake jioni mkunga alikwenda kumkagua yule binti, na kinyozi akaomba apakiwe. Kila kona alimwinamia sikioni, "Imezima?" na kila kona mkewe akajibu, "Ingezima tungekuwa tunatembea." Kwenye njia panda alipunguza mwendo makusudi, akasimama kumpisha mwenye mkokoteni, injini ikaunguruma chini yao bila wasiwasi. Kinyozi alikuwa amefumba macho. Mkunga aliona kwenye kioo, akaongeza mwendo taratibu.

Mama yake yule binti aliwapokea mlangoni. "Zimeni hiyo, mtoto kalala," alisema, na kinyozi akaizima shingo upande.

Mkunga alipomaliza kumpima mtoto, akamnyooshea mumewe amshike. Kinyozi alirudi nyuma, akaonyesha mikono. Alishaisugua kwa sabuni tangu jana, lakini weusi wa mafuta ulikuwa umejichimbia kwenye kucha na mistari ya viganja. Mama yake binti akaleta beseni. Kinyozi akanawa, akatazama, akanawa tena. Maji yalibadilika rangi, kucha hazikubadilika.

"Mpe hivyo hivyo," binti alisema kutoka kitandani. "Hatamlamba kucha."

Basi alikunja mikono ya shati, akampokea mtoto juu ya vigasha, viganja vikiwa hewani mbali na shuka, kama mtu aliyebeba sinia. Mtoto alijinyoosha, akapiga miayo, akaendelea na usingizi wake. Mkunga alimsogelea mumewe, akamshushia kiwiko kidogo ili kichwa cha mtoto kikae sawa.