Mwito wa Theta Lamda

Zenobia Pettway alivaa kijivu juu hadi chini, hata soksi, kwa amri ya mama yake. Siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya chuoni, ukionekana na zambarau, rangi ya chama cha akina dada wa Theta Lamda, ilhali hujaingizwa, umejichimbia kaburi.

"Na usithubutu kusema unakitaka chama," Mama Verdell alimwambia garini, sauti ikikwaruza. Kwaya ya Jumapili ilikuwa imelimaliza koo lake. "Akina dada hawaombwi. Watakuona wenyewe. We soma, nyamaza, subiri mwakani."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia tangu una miaka sita, lakini nakujua na mdomo wako."

Na jamani, alikitaka! Mama yake alikuwa Theta Lamda, bibi yake pia. Picha zao wakiwa wamevaa zambarau zilining'inia juu ya kitanda chake tangu utotoni. Wakimkataa, angeziangaliaje tena?

Uwanjani, jua la Agosti la Alabama likiwaka, kila chama cha wanafunzi chenye jina la herufi za Kigiriki kilikuwa na meza yake. Wavulana walicheza wakikanyaga chini kwa mpigo mpaka vumbi likatimka. Zenobia akaipita meza ya Theta Lamda akitazama mawingu, eti hana habari nao.

Ndipo Marquita, mwenyekiti wao, akapanda kwenye kiti, akapaza sauti: "Uuu-wiii!"

Sasa, huo ndio mwito ambao Mama Verdell alimwitia binti yake chakula miaka kumi na minane, naye binti akauitikia kila siku. Kinywa cha Zenobia hakikungoja ruhusa.

"Wiii-uuu!"

Weee! Meza nzima iligeuka. Asiye mwanachama kuitikia mwito wao! Afadhali angewatukana.

"Nani huyo?" Marquita alishuka kitini.

Machozi yakamlenga Zenobia.

"Mimi!" Mama Verdell alitoka kwenye foleni ya wazazi akisukuma watu, beji yake ya zamani kifuani. "Ni mimi, mwanangu. Niliingizwa mwaka tisini na mbili."

"Karibu, dada yetu mkubwa. Hebu itikia tena tusikie."

Mama akavuta pumzi. Kilichotoka ni mlio wa panya aliyekanyagwa. Watu wakaangua kicheko, lakini Marquita hakucheka. Alimtazama mama, akamtazama yule binti wa kijivu mwenye pua ileile, akarudi kwa mama.

"Ile sauti ya kwanza ilikuwa nzuri sana, dada," akasema polepole. "Ipumzishe. Mwakani tutaihitaji."

Mchana, Mama Verdell alitandika shuka nyasini, akafungua kuku wa kukaanga, furaha ikamsahaulisha yote. "Uuu-wiii!" akaita kwa kile kisauti chake kibovu.

Zenobia, aliyekuwa kwenye foleni ya maji ya limau, aliziba mdomo kwa mikono miwili, akaja mbio bila kutoa hata mguno.