Theluji Juu ya Shangazi Bualai

Siku nilipompa shangazi Bualai ile ahadi, sijui nani alinikopesha mdomo. Mimi ni mtu ambaye mkahawani nikiletewa tambi za mwenzangu, nanyamaza na kuzila. Lakini kabla hajatia saini ya kuigiza kwenye filamu yetu, alinishika mkono.

"Mwanangu Fon, sitaki makubwa," alisema. "Kwenye bango tuwe mimi na Jongkol, na mpita njia akituona ajue sisi ni wapenzi. Miaka thelathini na nne watu wanatuita dada na mdogo wake. Nimechoka kuwa dada wa mtu."

"Nitahakikisha, shangazi," nikasema.

Kampuni yetu iko Lat Phrao, hapa Bangkok, na imejipatia jina kwa tamthilia za wavulana wanaopendana. Mashabiki wao hununua chochote chenye sura zao, hata dawa ya meno. Filamu hii ilikuwa jambo jipya kwetu: wanawake wawili waliopita miaka sitini, wanauza wali na mchuzi katika mji jirani wa Nonthaburi, na wanapendana. Shangazi Bualai na shangazi Jongkol, tunaowaita shangazi kwa heshima tu, waliigiza maisha yao wenyewe, maana mwongozaji alikuwa mteja wao wa kila asubuhi.

Kazi ya bango tulipewa mimi na dada Jeab. Dada Jeab ana kucha ndefu na ulimi mrefu zaidi. Utoto wake wote aliitwa mvulana, kwa hiyo hana subira na mtu wala kitu kinachowakosea watu. Bosi wetu, Keng, alikuwa ameleta programu ya akili mnemba ya kutengeneza matangazo, akaifundisha kwa kuilisha mabango yetu yote ya miaka kumi.

"Inatujua kuliko tunavyojijua," alisema kwa fahari.

Na kweli ilitujua. Jeab aliipa picha za shangazi wawili, akaiandikia: wapenzi, wanawake, miaka sitini na mitano, kwenye kibanda cha chakula. Ikafikiri kidogo, ikatoa wavulana wawili wenye sare za shule, weupe kama waliopakwa unga. Mrefu ameshika mwavuli, mfupi anamtazama kwa macho ya kulegea. Theluji inaanguka.

"Theluji, Nonthaburi," Jeab akasema. "Labda friji ya muuza samaki imepasuka."

Akaieleza tena kwamba ni wanawake. Ikaleta wasichana wawili wa miaka ishirini, na masweta ya sufu, na theluji.

"Wazee, we kopo! Wazee!" Jeab alikuwa anagonga kibodi kwa kucha.

Safari hii shangazi Bualai alitokea vizuri, na mikunjo yake yote. Ila Jongkol alikuwa mwanamume mwenye masharubu. Mara ya nne walikuwa mama na binti yake. Mara ya tano, mgonjwa na muuguzi. Mara ya sita wakatokea kweli, wazee na wanawake wote wawili, wamevaa magauni ya sare, na chini mashine ilikuwa imejiandikia yenyewe: "Upendo wa ndugu hauna mwisho." Theluji haikukatika hata mara moja.

Bosi Keng alikuja Alhamisi saa nane mchana. Jumba la sinema lilitaka bango kabla ya saa kumi na moja. Akayatandaza yote sita mezani, akaweka kidole juu ya la sita.

"Hili. Lina heshima. Familia nzima itakuja."

Nilifungua mdomo. Sauti iliyotoka hata mimi mwenyewe sikuisikia.

"Umesema nini, Fon?"

"Hamna, bosi."

Jeab alinitazama kama mtu aliyeona yai likidondoka sakafuni. Kabla hajasema neno, mlango ukafunguliwa. Shangazi wawili waliingia na vyombo vyao vya chakula vilivyopandana, wametuletea cha mchana kama kila Alhamisi. Bualai akatafuta mahali pa kutua mzigo, akakuta meza imejaa mabango.

"Na huyu mwenye masharubu ni nani?"

"Shangazi Jongkol," Jeab akajibu.

Bualai alicheka mpaka akatafuta kiti. "Jongkol! Nimekuvumilia miaka yote hii, kumbe ningeweza kumpata huyu!"

"Mchukue," Jongkol akasema. "Tuone kama atakuoshea masufuria."

Halafu Jongkol akafika kwenye bango la sita. Akasoma yale maandishi polepole, kidole chini ya kila neno.

"Dada na mdogo wake," alisema. "Hata bango nalo."

Hakulalamika. Aliyasogeza mabango pembeni, akaanza kupanga sahani. Bosi Keng akawa anaangalia viatu vyake.

Tukakaa kula. Bualai alikuwa anamsimulia Jeab habari ya jirani yao, na huku anasimulia, mkono wake ulimchambua samaki, ukatoa miba, ukaweka mnofu mnene wa shavuni juu ya wali wa Jongkol. Hakutazama anachofanya. Jongkol naye alikula bila kushukuru, kama ambavyo mtu hashukuru kwa kuvuta pumzi. Nikainua simu, nikapiga picha.

Sauti yangu ndipo iliporudi, tena kubwa mno.

"Bosi, si hilo! Tuyatoe yote!"

Kila mtu akaacha kutafuna.

"Mtandaoni," nikasema, masikio yakiwaka moto. "Bango moja kila siku, siku sita, na juu ya kila moja tuandike: Hawa si wao. Siku ya saba tuweke hii. Na sinema tuwapelekee hii." Nikamwonyesha simu. "Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Mimi," Bualai akasema, wali mdomoni.

"Lakini watu watajua mashine yetu ni punguani!"

"Bosi," Jeab akasema kwa upole usio wake, "tukitoa haya sita wataicheka mashine. Tukitoa hilo moja watatucheka sisi."

Bosi Keng alichukua simu, akaikuza ile picha ya samaki. Halafu akanirudishia simu.

"Wapelekee sinema hiyo," alisema. "Na mtandaoni aanze mwenye masharubu."

Mwenye masharubu alipata wachumba kabla ya jioni. Kufikia siku ya tatu mashabiki walikuwa wanachora theluji juu ya picha za bibi zao, na kila mtu anauliza: sasa wao ni akina nani? Siku ya saba tukaweka ule mkono na mnofu wa samaki.

Jumamosi mchana, siku ya onyesho la kwanza, tuliwakuta wasichana mlangoni pa sinema wameshika makaratasi makubwa yameandikwa BUAJONG.

"Buajong ndiyo nini?" Bualai aliniuliza.

"Ni ninyi, shangazi. Ni desturi ya mashabiki. Wakikubali kwamba watu wawili ni wapenzi, wanaunganisha majina yao yanakuwa moja."

Bualai alilisoma tena, midomo ikicheza, machozi yakimlengalenga. Jongkol naye alilikagua kama anayekagua mboga sokoni.

"Kwa nini lake limetangulia?"

Afadhali ningenyamaza. "Anayetangulia ndiye… ndiye aliyemtongoza mwenzake."

"Nani? Huyu?" Jongkol aliutua mkoba chini, mbele ya mashabiki na kamera zote. "Huyu alikuwa akiniona anajificha nyuma ya sufuria! Mimi ndiye niliyemfuata! Siku kumi na moja nilikula mchuzi wake ulioungua!"

"Mchuzi wangu haukuungua!"

"Uliungua! Kwani nilikuja kwa ajili ya mchuzi?"

Wasichana walipiga kelele hata mlinzi akatoka ndani mbio. Mmoja akageuza karatasi lake, akaomba rangi ya mdomo ya dada Jeab, akaandika upya: JONGBUA.

Bualai alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Akaushika mkono wa Jongkol, hapo hapo mlangoni.

"Siku kumi na mbili," alisema. "Ile siku ya mvua umeisahau."