Asante ya Asubuhi

Mkaguzi aliingia na kufuli. Kufuli jipya, bado limo kwenye nailoni yake. Alilibwaga mezani karibu na mikrofoni, akavuta kiti chetu kizima, kile kingine kikiwa na miguu mitatu.

"Nani mwenye redio?"

"Wasikilizaji," shangazi akasema. "Mimi natangaza tu. Na huyu ni binti wa kaka yangu, fundi mitambo. Karibu, baba. Hodi tutakupigia sisi."

Hakucheka. Kuna malalamiko, alisema. Kibali chetu ni cha kuhudumia jamii bila biashara, na kila asubuhi tunamtaja mwenye mashine ya kusaga. "Leo nasikiliza mwenyewe. Mkimtaja, nafunga. Matangazo yakikatika nikiwa hapa, nafunga vilevile. Ndivyo kibali kinavyosema."

Alikuwa ametufunga kotekote bila kujua.

Umeme wetu unatoka kwa Pumba, shemeji yake shangazi, mwenye mashine ng'ambo ya uwanja. Hatoi bili, anatoa waya. Redio ilipoanza, chumba hiki kilikuwa ghala la mbegu. Shangazi alipigilia ukutani magodoro ya wanawe ili kuua mwangwi, wanawe wakalala mikekani. Mlango ukafungwa kwa kipande cha waya, kwani nani angeiba magodoro yenye misumari? Mwaka wa pili wakaja wanaume watatu. Mmoja alimziba shangazi mdomo, mwingine akatangaza kwamba mkutano wa kugawa bonde umeahirishwa. Watu wakabaki majumbani. Jioni bonde lilikuwa na wenyewe, na wenyewe si sisi.

Tangu hapo shangazi na Pumba waliwekeana ahadi. Kipindi kinaanza kwa asante ya umeme, kwa sauti ya shangazi. Taarifa ya kwanza ikisomwa bila asante, Pumba anazima injini bila kuuliza. Na injini ikizimika asubuhi, kila mwenye jembe anajua pa kukimbilia.

Keshokutwa kulikuwa na mkutano mwingine. Safari hii wa kugawa mlima.

"Baba mkaguzi," nikaanza, "hiyo asante si biashara, ni—"

"Hadithi baadaye. Washeni."

Nilimwinamia shangazi. "Pumba atazima."

"Asipozima nitamwona mjinga. Washa, mwanangu."

Taa nyekundu ikawaka.

"Hamjambo, wa mlimani na wa bondeni." Akanyamaza pale ambapo asante hukaa. Nilisikia mashine ikidunda ng'ambo ya uwanja. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Zahanati inawatangazia kina mama wenye watoto wachanga..."

Mashine ikakohoa. Taa ikafa. Redio ndogo ya betri iliyokuwa dirishani ikabaki inakoroma peke yake.

"Nilisema," mkaguzi akanena. Akalichukua kufuli, akaanza kuchana nailoni kwa meno.

Alikuwa bado ana kipande mdomoni tulipozisikia nyayo. Waya wa mlango ukakatika. Pumba akaingia na spana mkononi, unga mpaka kwenye kope. Nyuma yake majembe, mapanga, na mwashi na mwiko wake wenye saruji mbichi.

"Yuko wapi?"

Mkaguzi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye godoro.

"Shemeji, huyu kakushika?"

Neno moja tu lingetosha. Shangazi alimtazama mkaguzi, akalitazama kufuli, wala hakuwa na haraka.

"Hajanigusa," akasema. "Kanikataza asante tu."

"Asante?" mwashi akashangaa. "Huyu kalelewa na nani?"

Mmoja akacheka, spana ikashuka kidogo.

Mkaguzi akauliza, "Mnakuja hivi kila umeme ukikatika?"

"Kila asante ikikosekana," Pumba akajibu. "Mara ile hatukuja. Nenda bondeni ukaone nani analima."

Nikaona macho ya mkaguzi yakienda dirishani, upande wa bondeni, yakakaa huko.

"Baba," nikamwuliza, "malalamiko kaleta nani?"

"Wao," akasema. "Wenye bonde. Juzi." Halafu, kwa sauti ndogo: "Walitaka kufungwe kabla ya keshokutwa."

Akajifuta paji la uso, akamgeukia Pumba. "Kawashe."

"Siwashi kwa neno lako."

"Asante, shemeji," shangazi akasema, na Pumba akatoka.

Mashine ikadunda, taa ikawaka. Shangazi alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakukubali, hakukataa.

"Asante kwa shemeji yangu wa mashine, kwa umeme wa leo," shangazi akasema, sauti ileile ya kila siku. "Taarifa ya kwanza. Mkutano wa mlima uko palepale, keshokutwa asubuhi. Atakayewaambia umeahirishwa, mwulizeni asante yake iko wapi."

Mkaguzi akanyanyuka, watu wakampisha. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Umesahau kufuli lako."

"Sijasahau. Mlango wenu hauna."

Akanipa funguo. Zilikuwa mbili, zote alituachia.