Shanga za Nzige

Mke wangu Loisi hakuiona mvua ya mwaka ule. Homa ilimchukua kiangazi, tukamzika katika ardhi ngumu iliyovunja jembe la kaka yake. Mvua ilipofika Mpwapwa konokono wakatoka, na Bwana Daktari, Mjerumani aliyekuwa akitunga kitabu cha wanyama kwa shule za serikali, akaniita tena kazini.

Ukimpasua nzige kwa wembe na kumlaza majini, unaona tumboni uzi mweupe wenye vivimbe. Ndio unaopeleka habari mwilini, mguu ukaruka, mdomo ukatafuna. Daktari alitaka vivimbe hivyo viwe na jina moja la Kiswahili, litakalomfaa kila mnyama asiye na uti wa mgongo. Hakutaka nzige awe na lake na nge awe na lake.

Loisi ndiye aliyeviita shanga. Alikuwa akituletea nzige ndani ya kibuyu. Siku moja akainamia sahani, akacheka. "Mume wangu, huyu mdudu kavaa shanga ndani! Anamfichia nani?" Nge tukamkuta na shanga. Jongoo, shanga. Kiangazi chote hatukupata konokono hata mmoja.

Sasa nilitaka jina lile lichapwe. Hatukujaliwa mtoto, na kaburi lake lilikuwa rundo la mawe lililokanyagwa na ng'ombe. Nilitaka watoto wa Mpwapwa, wa Kondoa na wa pwani walitamke neno lililotoka kinywani mwake, hata kama hawatamjua.

Mwenzangu Mustapha, Mrangi wa Kondoa, alitaka viitwe mafundo.

"Ninyi Wagogo kwa kupenda shanga! Mngeweza, hata nyuki mngemvisha," alinitania.

"Nanyi Warangi mmezoea kufunga mizigo, kila kitu mnakiona fundo. Keti utazame."

Mimi mwenyewe nikampasua konokono, nikamwosha ute, nikatazama kwa kioo cha kukuzia. Hapakuwa na uzi ulionyooka. Vivimbe vilikuwa vimesongamana nyuma ya mdomo, vimebanana kooni. Nikageuza sahani. Nikaongeza maji. Nikampasua wa pili.

Daktari hakuinuka kitini. Macho yake yalikuwa mabovu, akiyategemea yangu. "Sila, unaona shanga?"

Ningesema ndiyo, ingeandikwa ndiyo.

"Si shanga, Bwana. Ni mafundo."

"Hata kwa nzige?"

"Hata kwa nzige. Fundo huwa kwenye uzi, huwa hata kwenye rundo. Hivi vya konokono havijatungwa kama shanga."

Mustapha alinifuata nje. "Ndugu yangu, ungesema tu shanga. Nisingekupinga."

"Najua."

"Marehemu shemeji angefurahi."

"Hukumjua vyema!" nilimfokea. "Angeninyang'anya sahani atazame mwenyewe, kisha anicheke kwa kung'ang'ania." Nikageukia ukuta, nikalia, naye akasimama kando yangu.

Daktari akatuita ndani. Michoro ya nzige, nge na jongoo ilikuwa bado imeandikwa shanga, na yote ilipaswa kusahihishwa kabla ya giza. Mustapha akainyooshea kalamu mkono. Nikamwomba aniachie mimi.