Nasaba ya Piekeren

Baba yangu, Mzee Zahor, hajali mposaji ana kazi gani. Anachotaka ni nasaba. Ukikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Ansab, kabla hujaegemea mto utaulizwa babu wa babu yako alizikwa wapi, na ukibabaika, ndiyo basi tena. Mimi nina miaka thelathini na mbili na nimechoka na makaburi ya watu.

Joris alikuja Jumamosi, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama. Ni Mholanzi, alisilimu miaka minne nyuma, na Kiswahili nilimfundisha mwenyewe. Kwenye babu alihesabu watatu, akakwama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la haluwa, nikamwona Baba anainua kidevu, nikajua mume nimemkosa.

"Mzee, nasaba yangu fupi," Joris akasema. "Lakini kwetu kuna neno lenye nasaba ndefu."

Akaeleza kwamba Waholanzi wana kitenzi, piekeren. Walikipata kwa Wamalay, wanaosema pikir, na Wamalay walikipata kwa Waarabu, kwenye fikr.

"Ndiyo fikiri yetu hiyo," Baba akasema.

"Hiyo hiyo, mzee."

Baba akaomba kalamu. Akamchora babu, Fikr, na watoto wake wawili: Fikiri aliyekwenda Unguja, na Pikir aliyehamia kwa Wamalay. Chini ya Pikir akamweka mjukuu, Piekeren.

"Masikini, kakulia ugenini," akasema, kisha akaita, "Mahfudha, tuna jamaa Uholanzi."

Mama akauliza kutoka jikoni kama keshaoa.

"Na huko kwenu maana yake nini?" Baba akaendelea.

Joris ni mkweli mpaka anakera. "Kuwaza kwa wasiwasi, mzee. Kukosa usingizi kwa jambo usiloliweza."

Uso wa Baba ukabadilika. "Tumekupeni kufikiri, nyinyi mkakugeuza maradhi. Na nikikupeni binti yangu, huyo mtamgeuza nini?"

Nilitamani kuwamwagia haluwa wote wawili.

"Sijui, mzee," Joris akajibu polepole. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu Ramadhani."

Baba akamtazama sana.

"Mimi tangu siku aliyozaliwa," akasema. Halafu akanigeukia. "Hadeel, kamwambie mamako posa nimeikubali."

Nilikwenda nalia, mtu mzima mimi.