Swali la Tatu kwa Mwadi

"Saba," alisema Sikudhani, akitua beseni la mikate mbele ya Mulumba. "Bibi yako anasema saba. Mi sijue ni ya nini."

Asubuhi muuza mikate huyu alikuwa ameleta ujumbe kwamba Mwadi, mke wa Mulumba, anataka aletewe binti yao. Kituo cha treni cha Kolwezi kilifurika Wakasai kama Mulumba, waliofukuzwa Katanga. Mwadi, Mkatanga, hangeingia humo bila kupigwa na Wakatanga wenzake kwa kuolewa na Mkasai. Na wiki iliyopita mtu alikuja na kitambaa cha mke wa jirani kama ushahidi kwamba ametumwa, akapewa mtoto. Mke yule hakuwa amemtuma mtu.

Ndiyo maana Mulumba, mwalimu wa hesabu, alimpelekea mkewe namba nne. Kanuni waliijua wao wawili tu, tangu uchumba: zidisha namba kwa yenyewe, ongeza mara tatu yake, ongeza tano, kisha ondoa kumi na tatu tena na tena hadi isiweze kutoka. Kinachobaki ndicho jibu. Nne huzaa saba.

Lakini hata mwongo hubahatisha.

"Rudi, mama. Mwambie kumi na moja."

"Tata Mulumba, miguu yangu haina moteri!"

Akaenda hivyo hivyo. Aliporudi, alisema, "Tatu."

Ni Mwadi, basi. Yu hai, na anataka binti yao abaki kwa wajomba badala ya kupanda mabehewa ambamo watoto walikuwa wakifa. Zaidi ya hapo namba haikusema kitu. Haikusema kama amekula, kama amelia. Ndivyo walivyoitunga: ithibitishe, isifichue. Zamani Mulumba aliona uzuri hapo. Sasa aliona ukuta.

Alimwamsha mtoto. "Tshibola, enda na mama huyu."

"Kule ataitwa Valérie tu," Sikudhani alinong'ona. "Hilo jina la Kikasai libaki na wewe, tata."

"Na wewe, papa?" mtoto akauliza.

"Nafuata."

Sikudhani alimfunga mgongoni. Walikuwa wamefika getini Mulumba alipowakimbilia.

"Mwambie nane."

"Ingine tena? Si umeisha kuamini?"

"Nimeamini."

Kanuni yao iliruhusu maswali mawili. Majibu matatu yangemtosha msikilizaji mwerevu kuikokotoa yote. Mwadi angeliona hilo papo hapo, angemwita mpumbavu.

Treni ilipiga honi kabla jibu halijarudi. Mulumba alipanda, akasimama mlangoni mwa behewa, akitamani kumsikia Mwadi akimwita hivyo.